Jina la Mwalimu Mbele

Jumatatu, 3 Machi
Nimeangalia kwenye simu nani amenukuu makala zangu, kabla ya kupiga mswaki. Kama kila siku. Makala ya galaksi imenukuliwa tena, safari hii na watu wa Chile. Makala zangu nyingine kimya, kama kaburi. Chai ikafurika jikoni nikiwa bado nimeduwaa. Nikapangusa jiko, nikaenda chuoni kufundisha mwaka wa kwanza. Hawajui vekta. Hawataki kuzijua pia.

Jumatano, 5 Machi
Mkuu wa idara ameniita. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Kamati itakaa Ijumaa ya wiki ijayo kuamua kama nibaki. Haina haja ya kusikia nilivyohangaika na maada nyeusi, ile isiyoonekana angani, miaka yote hii. Inataka kujua nimenukuliwa kiasi gani, na inahesabu tu makala ambazo jina langu limetangulia.

Makala ya galaksi ndiyo pekee inayosomwa na watu. Jina la kwanza pale ni la Mwalimu Sigei. Langu la pili. Ukiiondoa hiyo, sina kitu. Nimelia kwenye choo cha wafanyakazi. Mtu akabisha mlango, nikamwambia aende zake.

Alhamisi, 6 Machi
Hakuna aliyenilazimisha. Hiyo ndiyo inaniuma. Mwalimu alinisimamia nikisomea shahada ya uzamivu, akanifundisha kila kitu. Lakini makala ile ilipoandikwa alikuwa ameshastaafu, yuko kwake Kedowa, macho yameingia ukungu. Hesabu nilifanya mimi. Programu ya kompyuta mimi. Kuandika mimi.

Ilipofika kupanga majina, nikaweka lake mbele bila hata kufikiri. Kwetu mzee ndiye humiminiwa mursik, maziwa ya kibuyu, kwanza. Ndiye hufungua maombi. Ningejitangulizaje mbele ya aliyenifundisha? Nilijua kwamba huko ng'ambo wa kwanza ndiye mwenye kazi. Nikasema moyoni, heshima si utumwa. Sasa heshima hiyo inanifukuza kazi. Mjinga mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Niko Silibwet kwa mama. Tumechuma majani ya chai tangu asubuhi, vidole vimekuwa vyeusi. Kwenye kituo cha kupimia, mama anawaambia wanawake wenzake kwamba binti yake anasoma nyota. Wakaniuliza kama mvua itachelewa. Nikacheka nao. Nilitaka kupiga mayowe.

Mkuu wa idara amepiga simu jioni. Ipo njia moja tu. Mwalimu mwenyewe aiambie kamati kwamba kazi ilikuwa yangu.

Nitamwambiaje mzee yule?

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Nimepiga simu Kedowa mara mbili, nikakata kabla haijaita. Siwezi kula. Naogopa.

Jumanne, 11 Machi
Nimeenda. Mwalimu alikuwa nje na jirani yake, blanketi miguuni. Aliposikia sauti yangu akainuka. "Huyu ndio msichana tuliandika na yeye ile kitu ya galaksi!" Jirani akanipa mkono kwa heshima, akamwangalia Mwalimu kwa heshima zaidi. Mwalimu akataka kujua nani amenukuu wiki hii. Nikamwambia Chile. Akajipiga kofi gotini kwa furaha.

Jikoni mke wake akaninong'oneza. "Hiyo makala yenu ndio inamtoa kitandani. Mungu akubariki." Nikatamani kuondoka kwa mlango wa nyuma.

Nilirudi nje nikasema. Mbele ya jirani, kwa sababu ningemngoja aondoke ningeishiwa na ujasiri. Nikasema yote, mkataba, kamati, jina.

Mwalimu alilivuta blanketi hadi kiunoni. Halafu akasema, "Mimi nilijua tangu mwanzo. Nilikuwa nataka kukuambia, toa jina yangu, weka yako. Lakini ilikuwa tamu."

Akamwita mke wake ampigie mwenyekiti wa kamati. Akaongea kwa sauti ya darasani, akisikika hadi barabarani. "Mimi sikufanya hiyo hesabu. Hata kusoma, nilisomewa na bibi yangu. Kazi ni ya huyu msichana. Andika hivyo." Jirani alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilitaka ardhi inimeze. Na bado, Mungu anisamehe, nilikuwa nasikiliza kama mwenyekiti amekubali.

Ijumaa, 14 Machi
Nimepewa mkataba. Wenzangu wamenunua keki. Nimekula kipande, nikaenda nyumbani, nikalala mchana kweupe. Mama amenipigia akilia kwa furaha.

Alhamisi, 27 Machi
Mvua tangu asubuhi. Makala imenukuliwa tena, watu wa Japani. Wameandika "Sigei na mwenzake", maana kilichochapishwa kimechapishwa. Kamati yetu inajua, dunia haijui.

Nimempigia Mwalimu kumpa habari. Alisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza Wajapani wamesema nini. Akasema, "Hongera sana, Daktari."

Tangu nimjue ameniita msichana. Hata siku niliyovaa joho la uzamivu.

Akauliza kama huku kunanyesha. Nikamwambia kunanyesha.