Swali la Nne Nililoliacha Wazi

Lushoto, Jumapili, 6 Julai
Leo natimiza miezi minane tangu niondoke Kondoa

Mama Rehema, mke wangu,

Salamu nyingi kwako. Miguu ya mama inaendeleaje? Rehema ameacha kukohoa? Mimi mzima, ila mgongo. Magunia ya kabichi yanayoletwa sokoni kutoka Mlola yananimaliza, na mbeba mizigo hapa akiondoka wiki moja tu, anakuta nafasi yake ina mtu. Ndiyo maana Idi sikuja.

Sasa sikia. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni alitafuta mtu wa kuwatembeza wazungu milimani, mwenye Kiingereza kidogo. Tulijitokeza wanne, tukawa tunafundishwa jioni na mwalimu mstaafu, mzee wa umri wa baba. Kinachosumbua ni vile vineno vidogo. Sisi "kwa" yetu inafanya kazi zote, wao kila kazi ina neno lake. Ukiogopa mbwa, ni "of". Ukiwa umeoa, ni "to". Mimi nilisema "with", maana naishi nawe. Wenzangu wakacheka: "Unaishi naye wapi wewe? Si yuko Kondoa!"

Siku moja Mwalimu akasema kutembea kwa miguu ni "by foot". Mimi njiani nawasikia wageni kila siku, wanasema "on foot". Nikanyamaza. Hapa hata salamu ukiipunguza unaonekana huna adabu, sembuse kumkosoa mzee mbele za watu.

Alhamisi ukaja mtihani, na msahihishaji ni yeye mwenyewe. Swali la nne ni lilelile la kutembea kwa miguu. Nikiandika lake, naandika kosa huku nalijua. Nikiandika langu, namuumbua. Nikaacha wazi.

Alipoiona karatasi yangu akaniita nje. "Hili hulijui?"

"Shikamoo, Mwalimu. Nalijua."

"Marahaba. Mbona hujaandika?"

Nikatazama chini. Akalisoma tena lile swali, kisha akacheka. "Kumbe ni mimi! Na siku ile nilikuona unavyojikuna kichwa."

Akarudi ndani: "La miguu niliwapoteza mimi. Lifuteni wote." Mengine nilikosa moja tu. Akamwambia yule mama, "Mchukue huyu, hatawaaibisha wageni wako." Kazi nimepata, naanza kesho.

Mpe mama shikamoo yangu. Msalimie shemeji fundi cherehani, na jirani anayetuchungia mbuzi.

Yule mama amekubali nipumzike wiki tatu nzima wageni wakipungua. Nitegemeeni wiki ya kwanza ya Oktoba.

Mumeo,
Baba Rehema