Gundi ya panya kwenye kabati la ukumbini

Mpendwa mshauri, naomba msaada. Umri wangu ni miaka themanini na moja, nimewazika kaka zangu wote wanne pamoja na daktari aliyesema sitafika sitini, mikono hii imetengeneza milango ya nusu ya mtaa huu, lakini leo nimeshindwa na gundi. Mke wangu haoni, mwaka wa tatu sasa, hutembea kwa kupapasa, ukuta, kisha kabati refu la ukumbini linalomfika kiunoni, kisha mlango wa jikoni, basi panya wakawa wanapita juu ya lile kabati, nikanunua gundi yao, muuzaji akasema paka kwenye kipande cha boksi, nikamjibu, "Binti, mimi seremala, hunifundishi gundi," nikaipaka kwenye mbao yenyewe, ukingo mzima, na mama watoto sikumwambia maana sipendi kuulizwaulizwa. Asubuhi nikasikia ukelele. Kiganja kimenasa, analia, "Baba, nimeshika nini? Nimeshika nini?" Mkono tuliutoa kwa mafuta, lakini kabati nimelimwagia maji ya moto, nimenyunyiza majivu, nimekwangua kwa patasi, limebaki tope jeusi linanata. Leo siku ya tisa hatoki kitandani, hata kikombe hapokei mpaka niape hakina kitu cha kunata. Nimechoka, nataka kulichoma hilo kabati. Kama naongopa muulize fundi viatu jirani yangu, ndiye aliyemshika mkono tukiutoa.

Mzee wangu, pole, na pole zaidi kwa mama. Kabati halina kosa, weka patasi chini. Fagia majivu, tandaza juu ya gundi kitambaa kilicholowa mafuta ya kupikia, subiri nusu saa, kisha isukume kwa ukingo wa rula ya plastiki. Rudia hata mara tano. Malizia kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukaushe. Petroli usithubutu, utaunguza nyumba.

Hiyo ndiyo kazi nyepesi. Mkeo haogopi gundi, anakuogopa wewe. Macho yake yako vidoleni, nawe ukayategea mtego ukanyamaza! Usimvute, usimwambie "nimeshasafisha." Kaa kitandani kwake useme, "Nilikosea, sikukuambia," na usiongeze "lakini." Ukingo ukishakauka, kiganja chako kitangulie, chake kiwe juu ya chako, mpaka jikoni. Akikataa, kesho muombe tena. Siwezi kukuahidi kwamba atakubali. Ila msamaha uombe leo, kabla hujagusa hata hicho kitambaa.