Benchi la Mlango wa Bluu

Jumatatu, 3 Machi

Leo tena hakuna aliyeingia. Shuka mpya kitandani, kabati limejaa dawa, na mimi nimeshinda humo ndani nikifukuza nzi.

Nia ilikuwa njema, sikatai. Wafadhili walitaka wanawake waliofanyiwa unyama vitani wawe na chumba chao, kwa faragha. Wakaupaka mlango rangi ya bluu ili wasipotee. Milango mingine yote ya kituo cha afya ni ya kijivu! Basi anayeketi kwenye benchi la nje yake ni kama ameshika kipaza sauti. Fundi cherehani wa sokoni aliingia mara moja tu — kufika jioni mchumba wake alikuwa ameshaambiwa. Uchumba ukafa. Baada ya hapo nani tena athubutu?

Nimelisema kwenye kikao. Mkuu wa kituo (Bwana Utaratibu, tumembatiza sisi wauguzi) akajibu kwamba wagonjwa wajifunze kuacha aibu. "Mficha uchi hazai," akasema. Methali zote zilizopo duniani, akaiona hiyo! Tukatazamana. Yeye akaendelea na ajenda ya usafi wa vyoo.

Jumatano, 5 Machi

Wifi ameniambia.

Tulikuwa tunaosha vyombo. Mwezi mzima tangu atoroke huko kwenye mapigano, analala chumba kimoja na mama mkwe, anakula kidogo, anacheka tukicheka. Leo akasema bila kuinua uso. Wanajeshi. Kwenye shule walikojificha. Hajaona siku zake tangu hapo.

Akasema, "Hii mimba siitaki, wifi. Siitaki." Akaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshang'aa.

Haya nayasikia kazini. Nilidhani nimeyazoea. Sijazoea chochote.

Mawifi wengine hununiana kwa chumvi kuzidi. Sisi tumeshikana mikono ndani ya maji ya sabuni mpaka yakapoa. Ameniapisha — kaka yake, yaani mume wangu, asijue, na mama hasa asijue. Ukimwambia mama, presha itamuua, alisema. Ni kweli presha ya mama mkwe si ya mchezo. Nimeapa.

Alhamisi, 6 Machi

Nina hasira.

Daktari wetu mwanamke huja Alhamisi tu. Nikamwambia wifi awahi, kabla watu hawajajaa. Amewahi, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi. Mlinzi wa getini ni mtu mwema, na leo wema wake ndio ulioharibu. Kaona binti anababaika, akamwita kwa sauti ya mnadani: "Dada! Mlango wa bluu? Huo hapo kushoto, usiogope!"

Kliniki nzima ya watoto ikageuka. Wifi naye akageuka, akatoka getini kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nilipofika barabarani hayupo. Mlinzi ananiuliza, nimekosea nini, sista? Nikampita nikarudi kazini.

Daktari nimemweleza bila kutaja ni nani. Anasema sheria inamruhusu mwanamke aliyebakwa kutoa mimba, na uamuzi ni wake mwenyewe, si wangu wala wa ukoo. Lakini kwa hapa kwetu mwisho ni Alhamisi ijayo. Mimba ikikua zaidi ya hapo ni hospitali kuu. Hospitali kuu! Barabara yote ya huko ni vizuizi, na kwenye vizuizi ni wanajeshi. Wifi akiona gwanda hata kwenye televisheni anatoka sebuleni.

Ijumaa, 7 Machi

Wifi hasemi na mimi. Mume wangu kauliza kama tumegombana. Nikasema ndiyo, chumvi.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe kalalamika wakati wa kula. Foleni ya presha pale dirishani kwetu ni mateso, wazee wanasimama juani, hakuna hata kigoda. Ninyi wauguzi mnatupima presha au mnatupandisha?

Nikaacha kutafuna. Mimi nina benchi refu, kivulini, halikaliwi na mtu!

Mume wangu akaniuliza naona nini ukutani. Nikamwongezea mchuzi. Wifi alikuwa anakula kwa kijiko, macho kwenye sahani.

Jumatatu, 10 Machi

Nimehamisha mashine ya presha nikaiweka nyuma ya mlango wa bluu. Ruhusa sikuomba. Bwana Utaratibu yuko semina mpaka Jumatano, na semina ni jambo zuri sana.

Wa kwanza niliyempata alikuwa jirani yetu, tunamwita Redio. Mtu akipiga chafya mwanzo wa mtaa, Redio anamwombea afya mwisho wa mtaa. Kafika mlangoni akagoma. Huku? Mimi? Watu watasemaje? Nikamwambia, watasema unapima presha, maana wewe ndiye utakayewaambia. Akacheka mpaka akaingia. Na presha yake iko juu kweli, si utani.

Miaka yote umbea wake umenikera. Leo nimeupa kazi.

Jumanne, 11 Machi

Mtaa mzima umehamia kwetu! Bibi wawili wamegombania nafasi. Mzee mmoja alisinzia, tukampima akiwa usingizini, ikawa nzuri kuliko yangu. Redio karudi "kuhakikisha", kaleta na mashoga zake.

Kisha akaingia msichana nisiyemjua. Alinyoosha mkono nimfunge mashine. Mlango ulipofungwa akasema kwa sauti ya chini, "Sista, mimi sikuja kwa presha."

Nimekaa naye mpaka tukamaliza. Huko nje walikuwa wanabishana bei ya sukari. Alipotoka hakuna aliyeinua kichwa! Nikaenda kunawa uso kwenye sinki. Nilikuwa nalia kwa furaha, jambo la ajabu katika kazi yangu.

Jioni nimemsimulia wifi. Akaja kuketi karibu nami.

"Redio mwenyewe kaingia mlango ule?"

"Kwa miguu yake. Mara mbili."

"Basi keshokutwa nitakuja."

Jumatano, 12 Machi

Bwana Utaratibu karudi. Kaona wazee wangu, kaita kikao cha watu wawili, mimi na yeye.

Ningependa niandike kwamba ni mjinga, lakini si mjinga. Aliniuliza, akitokea mwanamke analia humo ndani na nje kuna umati umetega masikio, hiyo ndiyo faragha? Swali lake ni la haki. Nimemwomba aniachie mpaka Ijumaa. Akasema chumba kina kazi yake, na utaratibu ni utaratibu. Mashine itarudi dirishani. Lini, hakusema.

Mezani wifi aliniuliza kwa macho. Nikaitikia kwa kichwa. Roho iko juu juu.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nimesimama, stoo, daftari juu ya boksi la glavu. Daktari kaniagiza glavu na shuka. Nisipoandika nitapasuka.

Wifi amefika. Mlinzi hakusema kitu (nilimkanya). Akaketi kwenye benchi, ubavuni kwake Redio, na foleni inasogea vizuri. Halafu nani anaingia getini? Mama mkwe! Hakuniambia asubuhi kwamba atakuja. Nimesikia siku hizi kuna benchi, akasema, akaketi upande wa pili wa wifi. Wifi rangi ikamtoka. Mimi nikajidai natafuta kalamu.

Na Bwana Utaratibu naye akachagua saa hiyohiyo. Kaja na mtunza stoo, wamebeba mashine, wametoka nayo nje. Kwa adabu zote, kwa sauti ya darasani:

"Wazee wangu, wote wa presha tufuatane dirishani. Abaki mwenye shida ya mlango huu tu."

Benchi likainuka. Redio akainuka nusu, jicho kwa wifi. Na wifi hajasimama, hajakaa, kalishika benchi kwa mikono miwili. Nikayaona yale macho ya getini. Akitoka leo, basi tena.

Mama mkwe alikuwa ameshasimama, mkoba kwapani. Akamtazama binti yake. Kisha akaketi.

"Mama, presha ni kule," Bwana Utaratibu akamwambia.

"Nimesikia, baba. Mimi nina shida ya mlango huu."

Redio mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza hautoki neno. Mama wa watu, mvi kichwa kizima! Macho yote yakamwacha wifi yakamwendea yeye. Akayaacha yamtazame. Akafungua mtandio, akaufunga upya, bila haraka. Ndipo akamnyooshea wifi mkono.

"Nishike, mwanangu, unisindikize ndani. Miguu haina nguvu."

Miguu! Asubuhi kabeba ndoo mbili za maji kutoka bombani!

Wakaingia, nikafunga mlango. Sasa ndipo najiuliza, nguo za nyumba nzima anafua nani kama si mama mkwe? Sisi tunaapishana jikoni, na mfuaji alijua zamani nani anaona siku zake na nani haoni. Presha haikumuua. Kanyamaza tu, akalalamikia foleni mezani. Mbele yangu, makusudi! Mimi nikajiona mjanja.

Redio ameshaondoka, hata kupimwa hakungoja. Jioni mume wangu ataambiwa habari za mama yake mzazi. Nitamjibu nini? Kwamba mama kasema uongo ili kumfunika mtoto?

Na ni uongo? Sijui. Kuna vita vile vya zamani, yeye akiwa msichana. Hajawahi kuvisimulia hata siku moja. Siku zote nilidhani amesahau.

Daktari aliwauliza, "Mgonjwa ni nani kati yenu?" Wameketi kitandani bega kwa bega, wameshikana mikono, na hakuna aliyejibu. Wifi alikuwa anamtazama mama yake kama hajawahi kumwona. Daktari akanigeukia mimi. Nikasema nafuata glavu na shuka aliyoagiza.

Ananiita. Aliagiza shuka moja. Nimechukua mbili.