Maji ya Mugeni

Mujukuu wangu Neema,

Barua yako ya Kisangani ilinifikia, nikaisoma mara tatu. Hapa Bunia kumetulia kidogo. Mama yako mudogo alirudia kijijini kwetu Bule kuangalia shamba yetu. Alisema atakawia siku mbili, sasa ni juma ya tatu. Ile kuku nyeupe iliangua.

Unauliza kama siye pia, ku masomo ya biolojia, tuliangaliaka vidudu vile vya mu maji. Ndiyo. Mikroskopi ilikuwa moja kwa darasa nzima. Mwalimu, prof wetu, alituomba kila mutu alete maji kidogo ya kwao. Mama yangu kusikia maji ni ya prof, akashangaa: "Mugeni tumupe maji mabichi?" Akaichemusha, akaichuja na kitambaa, akanitilia mu chupa safi.

Darasani benzangu walikuwa banapiga kelele: "Huyu iko na mukia! Angalia huyu anazunguka!" Zamu yangu ikafika. Niliangalia sana, nikaona mwangaza tu, hakuna hata kimoja kinatembea. Bote bakacheka, na miye nikamukasirikia mama. Prof peke yake hakucheka. Aliuliza nani alichemusha, kisha akasema: "Umusalimie sana."

Mpaka leo, kila asubui ninachemushaka sufuria nzima ya maji, sawa wakati mulikuwa bote hapa. Jioni ile yenye kubakia ninaimwangia kuku.

Masomo ikifungwa, kuja unywe.

Ni miye koko yako.