Kwa Kaka Yangu Aliyevuka Ruvuma

Kaka yangu mpendwa, mtoto wa kwanza wa mama yetu,

Shikamoo. Sijui barua hii itakukuta kijiji gani, ndiyo maana sikuifunga. Nimempa mfanyabiashara wa Kiyao anayepeleka vitambaa ng'ambo ya Ruvuma, nikamwomba aisome kwa sauti kila atakapolala penye watu wa kwetu. Atakayeisikia na kukujua, akuambie kwamba mdogo wako yu hai, mama yu hai, na tunakaa Songea, chini ya boma la Wajerumani. Kuandika nimefundishwa na mke wa mwalimu wa shule ya boma, mama wa pwani ninayemtwangia mahindi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinipandisha kilimani nyuma ya zizi la baba? Nilikuwa mdogo, miguu inaniuma, nawe hukunibeba. Ulitaka niijue nchi. Ulinionyesha magharibi, milima ya Wamatengo wanaolima mashimo kwenye miteremko ili udongo usishuke na mvua. Ukanionyesha njia ya Wayao ya kwenda mashariki, na mashamba ya Wandendeuli, ambao wazee wetu Wangoni waliwashinda wakawafanya watumishi. Kisha ulinionyesha bonde letu la mto Hanga, moshi wa kila nyumba, ukinitajia mwenye nyumba na mkewe na anachopika. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Asubuhi uliyokwenda vitani ulikula ugali wa ulezi ukiwa umesimama. Mama alikugombeza ukae, hukukaa. Uliniita nikuguse paji la uso, mahali ulipopakwa ile dawa ya maji, ukasema risasi za Wajerumani hazitakuingia. Niliamini. Sikulaumu, kaka, bonde zima liliamini. Mume wangu Mapunda alikuwa nyuma yako, ameshika mkuki wa baba yake, hakuweza kunitazama kwa sababu tulikuwa tumeoana juzijuzi na alijua ningelia.

Yaliyofuata hukuyaona. Askari walikuja baada ya vita, si kupigana, walikuja kuchoma maghala. Walichoma ulezi, wakachoma mahindi ya mbegu, wakaondoka na ng'ombe. Tulikula mizizi ya porini, na ile michungu tuliiloweka mtoni kwanza. Baba alikuwa akinipa sehemu yake na kusema ameshiba. Tulimzika kando ya ghala lake, mama na mimi, kwa sababu hapakuwa na mwanamume wa kuchimba. Majirani waliondoka mmoja mmoja, na wengine hawakuondoka, walikutwa na mauti ndani ya nyumba zao. Mwisho mama alisema twende bomani, huko kuna unga. Tulikwenda. Unga tulipewa, tukabeba mawe ya kujengea ukuta, na tulipotaka kurudi nyumbani tukaambiwa hakuna kurudi.

Ndivyo tulivyo mpaka leo. Watu wote waliobaki wameamriwa kukaa kando ya barabara, nyumba zikiwa kwenye mstari, ili askari akipita aone kila mlango. Mngoni yuko hapa, Mndendeuli yuko hapa, Mbena yuko hapa. Askari wengine ni Wamanyema, wengine weusi warefu wanaosema Kiarabu, na wake zao wanatutuma maji. Jirani yangu ni mwanamke wa Kindendeuli ambaye baba yake alikuwa akimlimia baba yetu. Siku ya kwanza nilimwonea haya. Yeye akaniazima chungu, akasema, "Hapa hakuna bwana isipokuwa yule wa juu," akaelekeza kidevu bomani.

Nikipanda mlima Matogoro kutafuta kuni naitazama nchi uliyonifundisha. Upande wa Hanga hakuna moshi hata mmoja. Wanasema tembo wanalala kwenye mashamba yetu, na nguruwe wamefukua mpaka kwenye viambaza. Kijito ninamochota maji huko juu ndicho kinachokuwa Ruvuma. Hapa nakivuka kwa hatua moja na nguo hazilowi. Huko chini kimekutenga nasi.

Mama aliomba ruhusa aende kupanda ulezi tu kisha arudi. Jumbe aliyewekwa juu yetu alimpelekea bwana mkubwa wa boma maneno yake. Jibu likaja kwamba bonde limefungwa, na atakayeonekana kule ni adui. Baadhi ya wanawake walikwenda kwa siri, wakarudishwa wamefungwa kamba, wakachapwa kiboko mbele yetu. Tangu siku hiyo mama haombi. Anakaa mlangoni na jembe lake magotini, jembe ambalo halina shamba. Nami nikiamka naangalia barabara, upande huu na upande ule, na kote kuna askari.

Halafu boma likatangaza msamaha. Waliovuka mto warudi, hawatafanywa kitu. Sisi wanawake tuliambiwa tupeleke habari kwa waume na kaka zetu. Mimi sikupeleka, kwa kuwa sikujua mko wapi, lakini maneno yalifika yenyewe. Siku moja nilitoka kisimani nikamkuta Mapunda amesimama mbele ya nyumba, amekonda, mvi zimeingia ndevuni. Nilitua mtungi. Mama ndiye aliyemkaribisha. Mapunda alituambia mlivuka pamoja, mkaachana ng'ambo kwenye njia panda, wewe ukaelekea kwa Wayao, yeye akabaki karibu na mto ili asiwe mbali nami.

Alilala kwangu usiku mmoja tu. Asubuhi alikwenda kujiandikisha kama walivyoamuru, akafungwa mnyororo shingoni pamoja na wenzake. Kesi hakupewa. Wanavunja mawe ya barabara. Nampelekea uji, na kama zamu ni ya askari mwenye huruma naruhusiwa kukaa naye kidogo. Shingo yake imechubuka, naipaka mafuta ya nyonyo. Nilimwuliza kwa nini alirudi. Akasema alinikumbuka, basi. Kisha akanishika mkono. "Kaka yako anakupenda kama mimi," akasema. "Mwambie asije."

Siku nyingi sikuweza kumweleza mama. Yeye ana hamu moja tu, uje. Kila mgeni anamwuliza kama amekuona. Nilipopata karatasi hii alinihimiza nikuandikie kwamba nyumba ipo, chakula kipo, njoo. Nikamweleza alichosema Mapunda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasimama, akaingia ndani, akakaa huko mpaka mboga ikaungua jikoni.

Kwa hiyo nakuambia, kaka, usije. Nimeandika neno hilo na mkono unakataa, kwa sababu hakuna mtu ninayetamani kumwona kama wewe. Usirudi kwa tangazo la boma, wala kwa maneno yangu yakikufikia kwa mdomo wa mtu asiye na karatasi hii, hata akisema nimeugua, hata akisema mama amekufa. Lima huko. Jenga mbali na barabara. Mimi siwezi kuondoka, Mapunda yuko kwenye mnyororo na mama yuko kwangu, lakini nikijua kwamba mmoja wetu anaamka asubuhi na kwenda anakotaka, nitaweza kubeba mawe yao.

Nilipofika hapa mama alitoka, akaketi karibu yangu, akaitazama karatasi ambayo hawezi kuisoma. Akauliza kama nimekwisha kukuambia usije. Nikasema ndiyo. Akafuta macho kwa upindo wa nguo.

"Basi muulize," akasema, "kama amepata mke."

Mama anauliza, kaka.

Ni mimi, mdogo wako wa kike, uliyenipandisha kilimani.