Mama Mdogo Asogee Mbele

Dada Mwanahawa,

Selemani ameoa. Nakwambia mimi mwenyewe kabla hujasikia kwa mwingine, maana enzi za uhai wako ulikuwa unanuna ukiwa wa mwisho kupata habari. Ameoa Jumamosi iliyopita, Dar es Salaam, kwenye hoteli ya ufukweni. Na aliyepiga picha za harusi ni mimi, mdogo wako. Usiniulize upesi kwa nini nilikubali. Nitakueleza, ila unipe nafasi nipumue.

Alikuja pale studio kwangu Kibiti, akakaa kwenye lile benchi la wanaosubiri picha za pasipoti. Mumeo si mtu wa kukosa maneno, unamjua, lakini siku ile aliizungusha kofia yake mikononi mpaka nikamwonea huruma. Akasema, "Shemeji, nimepata mtu. Anaitwa Rukia. Nikimleta mtu baki kupiga picha, nitaonekana nawaficha." Nikamwambia hongera. Halafu akasema lile hasa lililomleta: harusi ikiisha, Zena anahamia kwao Mbagala.

Zena wako, dada. Zena ambaye tangu tukuzike analala na mimi, ananipiga mateke usingizini, na ananiita mama mdogo mpaka wateja nao wamelidaka, jina langu halitumiki tena. Sasa yuko darasa la kwanza. Meno ya mbele yameng'oka, na akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, kama wewe. Nilijua ni mtoto wa Selemani, na kwamba iko siku baba mtu atamtaka mwanawe. Nilijua, nikajifanya sijui.

Kwenye arobaini yako kuna wazee walinong'ona kwamba mdogo wa marehemu yupo, mtoto asije akalelewa na mgeni. Nilijifanya sisikii. Selemani simtaki mimi, na sijapata kumtaka. Mtu anakoroma kwao Mbwera, watu wa kijiji cha Ruaruke wanaamka. Lakini sikutaka apatikane mwingine. Nilitaka abaki mgane, aje Kibiti kila Ijumaa na maandazi ya Zena, azeeke taratibu, afe, na nafasi yako ibaki wazi kama ulivyoiacha. Huo ndio wivu wangu, na kuuandika naona haya.

Sasa hoteli yenyewe. Mchanga mweupe, dada, na wanaufagia. Mchanga wa bahari unafagiwa! Maji ya buluu mpaka ukingoni, hakuna tope hata la kuchafua ukucha. Viti vimevishwa vitambaa na kufungwa tepe mgongoni, na kijana mmoja anarusha droni juu ya vichwa vya watu. Nikasimama pale na kamera yangu shingoni, nikakukumbuka tulivyokuleta Mbwera kwa mumeo.

Boti ilichelewa kutoka kwetu, maji yakatuwahi kupwa, tukakwama mbali na nchi kavu. Mashangazi wakasema bibi harusi hakanyagi tope mpaka aingie ndani kwake. Wanaume wakaanza kubishana nani akubebe. Mimi nikashuka, nikageuza mgongo, nikakwambia panda. Ulikuwa mzito kama gunia la mpunga, na ulikuwa unacheka ndani ya shela. Ukaninong'oneza, "Ukiniangusha nakulaani." Nilizama mpaka magotini lakini sikukuangusha. Tulipofika mlangoni nikatoa kisimu changu nikakupiga picha, moja tu, simu ikazima. Ukiitazama, kidole changu kimeingia pembeni. Hiyo ndiyo picha pekee ya harusi yako. Rukia nimempiga mpaka kidole kimekufa ganzi, na kila nikibonyeza roho inaniuma.

Nilimtafuta kasoro, sikufichi. Mpiga picha ana ruhusa ya kumkodolea mtu macho kutwa nzima bila kuambiwa hana adabu, nami niliitumia ruhusa hiyo. Nikaivuta sura yake karibu: meno mazuri, shingo nzuri, hina imekolea. Nikasema basi, itakuwa tabia. Wakati wa chakula watu wote wakakaa wakala, na unajua mpiga picha hakumbukwi mpaka sufuria zioshwe. Yeye, na shela lake kichwani, akanitumia sahani na ujumbe: "Mwambieni dada ale kwanza, sisi hatukimbii." Nikaila ile pilau kwa hasira. Nikaongeza kachumbari. Angekuwa na roho mbaya, dada, ningepata pa kupumzikia.

Sasa sikiliza lililonipata.

Ilifika zamu ya picha za familia. Mshereheshaji akashika kipaza sauti, akasema, "Tunamwomba mama mdogo asogee mbele, apige picha na binti yetu Zena." Sikufikiri hata kidogo. Niliweka kamera mezani, nikajifuta jasho kwa mtandio, nikaenda nikamshika Zena mkono, nikatabasamu. Kamera iko mezani, mpiga picha yuko mbele ya watu, nani atapiga? Hata hilo sikuliona. Nikamwona Rukia kainuka nusu kwenye kiti, kakusanya gauni mikononi, hajui aje au akae. Ndipo nikaelewa. Mama mdogo ni mdogo wa mama. Na mama mdogo ni mke mpya wa baba. Kiswahili hiki chenye maneno tele, kwetu sisi wawili kikaona moja linatosha.

Bi. Mwajuma, yule shangazi yake Selemani ambaye ni mtani wetu, akapiga kigelegele. "Makubwa haya! Mpiga picha kaja kuolewa!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mtani hakasirikiwi, nami nikacheka, lakini masikio yalikuwa yanawaka. Nikataka kuuachia mkono wa Zena nirudi kwenye kamera yangu, nijifiche nyuma yake mpaka kesho. Zena hakuniachia. Alinibana vidole, akawatazama wale watu wanaocheka, akauliza kwa sauti yake ya pengo, "Mama mdogo si ndo huyu?"

Rukia akaja. Nikajua sasa nasogezwa. Nikatengeneza na uso wa mtu anayesogezwa bila kuumia. Lakini alitupita, akaenda mpaka mezani, akaichukua kamera yangu. Aliishika juu chini. Kijana wa droni akamgeuzia. Akasema, "Mama mdogo ndo huyo. Mie bado sijapewa jina. Haya Zena, cheka nikuone." Akabonyeza.

Watu walimpigia makofi. Mimi pale ndipo nilipomwonea wivu kuliko siku nzima, kuliko gauni, kuliko ule mchanga wa kufagiwa. Maana najijua. Ningekuwa mimi bibi harusi, siku yangu, ukumbi wangu, nikaona mwanamke mwingine kasimama mahali pangu, ningemsukuma kwa bega huku natabasamu. Yeye jambo lile lilimtoka hivi hivi, wala hakulipanga. Nilirudi kwenye kamera yangu, nikawapiga, yeye na Zena, na ile picha nimeipiga vizuri. Namshukuru Mungu kwa hilo, maana nafsi ilikuwa inanishawishi vingine.

Zena wamemchukua Jumapili. Ndala yake moja imebaki chini ya kitanda, na mateke siku hizi sipigwi, nami usingizi umenikataa. Amenipigia simu. "Mama mdogo, huku umeme haukatiki!" Nikamwambia vizuri mwanangu. Nikakata simu nikanuna. Rukia anamwita anti. Nalipenda sana hilo neno anti, ingawa najua halitadumu.

Picha nimezichambua zote hapa studio. Ile aliyoipiga Rukia ni mbaya kweli. Bahari imelala upande, kichwa changu kimekatwa juu, na pembeni kimeingia kidole chake chenye hina. Nilikitazama kile kidole, dada, mpaka mteja akagonga meza kuniamsha. Kukikata kwenye picha si kazi, ni kubonyeza tu. Niliweka mkono tayari. Sikukikata. Nimeisafisha na kuichapa vile vile, nimeiweka kwenye fremu, na hivi ninavyokuandikia ipo ukutani chini ya yako. Juu ni wewe na kidole changu, chini ni mimi na mwanao na kidole chake. Wateja wananiuliza wewe mpiga picha gani unatundika zilizoharibika. Nawaambia kaeni sawa, kidevu juu.

Shule zikifunga nitamleta Zena kwako Mbwera, kaburini. Atakusomea Fatiha; ameishika yote, ila mwishoni anaikimbiza. Rukia ameomba aje naye. Alinipigia akasema, "Dada, nataka nikamsalimie." Nikasingizia mtandao, nikakata. Nimekaa na jambo hilo, nimelilalia, nimeliamkia, na leo asubuhi nimemwambia aje.

Usidhani wivu umeisha. Upo, umekaa hapa hapa, tunakula nao sahani moja. Lakini nakuahidi hili. Maji yakiwa yamekupwa, na boti ikakwama palepale, simbebi. Mgongo ulikuwa wako, na utabaki wako. Nitampa mkono. Mkono mmoja nitamshika yeye, wa pili nitamshika Zena, tuje kwako na tope letu mpaka magotini.

Tungoje, dada. Mungu akuangazie hapo ulipo.

Mdogo wako,
mama mdogo wa Zena