Baba Yetu Tarsis na Jopo la Alhamisi

Leo mwaka umetimia, Baba, tangu ulipovuta pumzi yako ya mwisho pale nyumbani Ilala, Jumapili mchana, Mama akiwa amekushika mkono. Tulikupumzisha Rombo, kwa wazee wako. Mimi Rachel, mwanao wa pili, nimeombwa na wenzangu niandike.

Kariakoo nzima ilikujua kama Tarsis wa Spea. Miaka thelathini na moja ulikaa kwenye duka lile jembamba, ukiuza spea za cherehani na kutengeneza zilizowashinda wengine. Fundi akileta mashine, humuulizi ina nini. Unazungusha gurudumu taratibu, unapapasa kwa chini, kisha unasema, "Imelegea hapa." Macho yako yalikuwa kwenye vidole.

Ulipougua saratani ya utumbo mpana, ulifanyiwa upasuaji ukarudi dukani. Mwaka uliofuata picha zikaonyesha madoa mawili kwenye ini. Daktari mmoja akatuambia kwa upole kwamba ikishafika kwenye ini hakuna la kufanya, tukutunze tu. Kaka Godbless alilia ndani ya gari. Mama hakulia. Alisema, "Huyo ni mtu mmoja. Twende mahali wanapokaa wengi."

Ndivyo tulivyofika kwa Daktari Husna. Alikuamkia, "Shikamoo, mzee," ukaitikia, "Marahaba, mwanangu." Akaweka picha zako kwenye mwanga, akazitazama muda mrefu.

"Mzee Tarsis, kuna kusambaa na kusambaa," alisema. "Kwako ni madoa mawili tu, na kwingine kote ni safi. Huenda tukaweza kuyaondoa. Lakini sitaki kuamua peke yangu. Kila Alhamisi tunakaa jopo: daktari wa upasuaji, wa mionzi, wa picha, anayepima vinyama maabara, na mimi wa dawa."

Ukamuuliza, "Na mimi nakaa wapi?"

"Wewe utasemewa na nesi Evarista. Mwambie chochote ambacho hutaki tukisahau."

Nesi Evarista alivuta kiti akakaa karibu yako. Alikueleza kwamba dawa moja ya dripu huweza kuleta ganzi kwenye vidole, na kwa wengine ganzi hiyo haiondoki. Ulitazama mikono yako. "Binti," ukamwambia, "mimi siogopi kufa kama ninavyoogopa kukaa dukani mikono haisikii. Wape neno hilo."

Akawapa. Baadaye alitusimulia kwamba siku ile walibishana sana. Daktari Husna alikuwa amepanga miezi sita ya dawa. Daktari Kasmir, mpasuaji, aliona mitatu ingetosha, halafu akate. Wa picha akasema doa moja linakatika, lakini la pili liko karibu mno na mshipa mkubwa. Wa mionzi akajibu kwamba hilo angeweza kulichoma yeye bila kisu. Tena wakarudi kwenye neno lako. Wakakubaliana: dawa miezi mitatu, na ile ya ganzi isimamishwe mara tu vidole vitakapoanza kulalamika. Kisha kisu kwa doa moja, mionzi kwa lingine.

Jioni ile Daktari Husna alikupigia mwenyewe. "Mpango wangu umebadilika, mzee, na umebadilika kwa sababu yako." Ulipokata simu ulimwambia Mama, "Watu wazima wale. Wanabishana halafu wanaelewana."

Vidole vilianza kulalamika mwezi wa tatu wa dawa, wakaisimamisha ile dawa kama walivyoahidi. Mikono ikapona. Miguuni ganzi ilibaki, ukawa unaacha ndala moja njiani bila kujua, na majirani wa duka, Mtaa wa Aggrey, wanakuletea. Ulicheka kuliko sisi.

Daktari Kasmir akakata doa moja, la pili likachomwa kwa mionzi, tukapata miaka minne, Baba. Ulinisindikiza kanisani nikaolewa. Ulimpakata mjukuu wako Sofia. Ulinifundisha kazi, ukinifunga macho kwa leso ili nijifunze kusikia mashine kwa mikono, mpaka siku niliyokuonyesha hitilafu kabla hujaiona, ukaenda kumtangazia Mzee Mbaruk wa vitambaa, jirani yako, kana kwamba nimepata shahada.

Ugonjwa uliporudi, ulirudi sehemu nyingi. Jopo likakaa tena. Daktari Husna alikuja kukaa nasi, akasema bila kuzunguka, "Safari hii tumekubaliana wote. Kukata au kuchoma kutakutesa bure. Tutatibu maumivu, ukae na watu wako."

Uliuliza, "Wote walikuwepo?"

"Wote, mzee. Na Evarista."

"Basi sina neno," ukasema, ukamshukuru kila mmoja kwa jina.

Miezi miwili iliyobaki haikuwa ya huzuni tupu. Maumivu yalidhibitiwa. Mafundi walipanda ngazi kuja kukusalimia, Mzee Mbaruk akaleta tende na soga za mjini. Ulikula mtori wa Mama, ule wa ndizi na nyama, mpaka wiki ya mwisho.

Nilipomsomea Mama maandishi haya, alinizuia neno moja. Nilikuwa nimeandika kwamba ulituacha mapema. "Futa hilo," alisema. "Walisema hakuna la kufanya, tukapata miaka minne. Andika kwamba tulishiba naye." Nimefuta, Baba. Tulishiba nawe.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi saa moja asubuhi parokiani kwetu Ilala, kisha chai nyumbani. Wote mnakaribishwa.

Unakumbukwa na mkeo Josepha. Wanao Godbless, Rachel na Rogath. Mkwe wako Kelvin. Mjukuu wako Sofia. Ndugu zako wote wa Rombo na Dar es Salaam. Rafiki yako Mzee Mbaruk na familia yake. Pamoja na mafundi cherehani wa Kariakoo.

Pumzika kwa amani, Baba. Siku zote tutakukumbuka, na tutakukumbuka kwa furaha.